HOMA YA MTOTO: KUULIZA NA KUGUSA MBELE YA KUANDIKA DAWA

Somo la kurudilia kwa wanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu na wa nne



Mitihani inakaribia. Usiku tukipita kando ya vyumba vya kulala tunasikia sauti za wale wanaorudilia masomo. Wengi wanafanya namna moja tu. Wanafunika upande mmoja wa kaye kwa mkono, halafu wanasema: malaria, artesunati; meninjiti, seftriaksoni; kuhara, serumu. Wanaimba kama watoto wa katekisimu. Sisi pia tulifanya hivyo, hatuwachekeni. Kwa kukumbuka majina ni njia nzuri. Lakini swali la kliniki haliombi majina. Linakuletea mgonjwa mlangoni, na kazi yako ni kumpokea.

Tuanze na swali lililotuangusha sisi wenyewe katika mtihani wa kliniki uliopita. Lilikuwa hivi: mtoto mwanamume wa miaka mitatu, kilo 12, ameletwa na mama wa baba yake. Ana homa tangu siku tatu. Ametapika. Asubuhi alikakamaa na kutetemeka mwili wote mara mbili. Joto ni 39,4. TDR ni pozitifu. Utamfanyia nini? Pointi 20.

Karibu darasa zima tulijibu kwa mistari mitatu: malaria kali, artesunati ya mshipa, parasetamoli. Tuliona swali ni rahisi, wengine wakatoka wa kwanza wakaenda kucheza mpira. Karatasi ziliporudi, wengi tulikuwa na 6 juu ya 20. Na chini, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika swali moja kwa wote: «Nani alimgusa mtoto huyu?»

Wengine walikasirika. Walisema artesunati ni jibu la kweli, na ni kweli kabisa. Lakini sisi wawili kati ya wale wanaoandika hapa tulinyamaza, sababu tulijua swali lile linatoka wapi. Tunaomba ruhusa ya kulisimulia.

Tulikuwa kwenye staji. Jioni moja wagonjwa walikuwa wengi, na msichana mdogo wa miaka minne alifika mgongoni mwa mama yake na homa kubwa. Sisi tulipewa kazi ya kujaza fishi yake. Mnajua fishi ile: kichwa, macho, masikio, shingo, kifua, tumbo, ngozi, na mbele ya kila neno mstari wa kujaza. Tulisikiliza kifua. Tulibonyeza tumbo kidogo. Halafu mbele ya «shingo» tuliandika RAS, kama vile tulivyoona wakubwa wanaandika, na mikono yetu haikufika shingoni hata kidogo. TDR ilikuwa pozitifu. Dawa ya malaria ilitolewa, na kipimo chake tulikihesabu vizuri sana, hata tulisifiwa.

Siku ya pili homa ilikuwa palepale. Watu walisema dawa bado haijashika. Siku ya tatu mwalimu wa staji alipita, akatia kiganja chini ya kichwa cha mtoto, akainua pole pole. Kichwa hakikukunjika. Mabega yaliinuka pamoja nacho, kama ubao. Walimtoboa mgongo, maji yakatoka na mawingu kama maji ya kuosha mchele. Mwalimu akachukua fishi, akasoma neno letu, akaturudishia bila kusema kitu.

Mtoto alipona. Siku ya kurudi nyumbani alikuwa anatembea mbele kwenye baraza, na mama yake akamwita kwa nyuma. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu. Watu wote wa baraza waligeuka, yeye hapana.

Meninjiti inaweza kuharibu masikio hata kwa mtoto aliyetibiwa mapema, mwalimu alituambia hivyo, na hakutaka tubebe mzigo usio wetu. Lakini zile siku mbili zilikuwa zetu. RAS ina maana: nimeangalia, sikukuta kitu. Kama hukuangalia, uache mstari wazi. Mstari wazi unamwambia mwenzako wa zamu ya usiku kwamba kazi ile bado. RAS ya uwongo inamwambia alale.

Basi, turudi kwa mtoto wetu wa kilo 12 na tumpokee sawasawa.

DAKIKA YA KWANZA

Mbele ya maswali marefu, uangalie kama mtoto yuko karibu kufa. Je, anapumua vizuri? Midomo iko bluu? Mikono na miguu ni baridi? Ubonyeze ukucha mpaka uwe mweupe, uachilie, uhesabu: rangi ikikawia kurudi zaidi ya sekunde tatu, damu haizunguki vizuri. Je, anakujibu ukimwita? Anakakamaa sasa hivi?

Kama anakakamaa sasa, mlaze kwa ubavu, usafishe kinywa, na usitie kitu katikati ya meno. Kijiko ambacho mama wengi wanatia kinavunja meno na kufunga njia ya pumzi. Uwaambie kwa upole, sababu wanafanya kwa upendo. Ukiona anaendelea zaidi ya dakika tano, tunatoa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligrama 0,5 kwa kilo. Kwa mtoto wetu ni miligrama 6. Ampula ina miligrama 10 ndani ya mililita 2, kwa hiyo tunavuta mililita 1,2.

Na papo hapo, sukari. Hapa ndipo pointi nyingi zinapotea, na watoto wengi pia. Mtoto mwenye malaria kali, ambaye hajala tangu jana na anatapika, sukari yake inashuka, naye anakakamaa au analala kama mtu wa koma. Chini ya miligrama 45 kwa desilita tunatibu bila kungoja. Na kama mahali pako hakuna mashine ya kupima, mtoto asiyeamka tunamhesabu kama mwenye sukari ya chini. Kipimo ni glukozi ya 10%, mililita 5 kwa kilo: mililita 60 kwa mtoto wetu, pole pole mshipani.

Lakini mara nyingi kwenye kabati kuna glukozi ya 50% tu. Usiitie hivyo hivyo, inachoma mishipa ya mtoto. Chukua sehemu moja ya glukozi na sehemu ine za maji ya sindano: mililita 12 na mililita 48. Zote pamoja ni 60. Hesabu hii mfanye wenyewe mara tano kwa uzito mbalimbali, maana waalimu wanaipenda.

KUULIZA

Wengi tunadharau kuuliza, sababu hakuna chombo cha kushika mkononi. Mtu mwenye kipima-moyo shingoni anaonekana muganga, mtu anayeuliza anaonekana karani. Lakini magonjwa mengi yanajulikana mbele ya kugusa, kama umemwachia mama nafasi ya kusema.

Kwanza lugha. Mama akisema «mutoto iko na homa», pengine maana yake ni mwili moto, pengine maana yake ni malaria, pengine ni kila ugonjwa wa mtoto. Usiandike «malaria» sababu mama alisema «homa». Umuulize aliona nini kwa macho yake. Kama hasikii Kiswahili vizuri, tafuta mtu wa lugha yake, lakini si mtoto mdogo wa jirani.

Halafu siku. «Mama, mutoto alianza kugonjwa lini?» «Tangu juzi.» Hii juzi inaweza kuwa siku mbili au wiki mbili. Uulize namna hii: siku ya soko iliyopita alikuwa anacheza? Siku ya Mungu alikuja kanisani? Hapo utapata tarehe ya kweli.

Alitoka wapi? Hili ni swali la kwetu kabisa. Butembo na milima ya Lubero iko juu, na kule malaria si nyingi kama kule Beni au Mambasa ambako ni chini na joto. Mtoto wa milimani aliyekaa likizo kwa mjomba kule chini anaweza kupata malaria kali sana, kwa kuwa mwili wake haujazoea.

Alikunywa dawa gani? Usiulize «alikunywa dawa?» maana mama ataogopa kugombezwa na atasema hapana. Uulize «mulimusaidia na nini kule nyumbani?» Ndipo utasikia juu ya nusu ya kidonge kutoka farmasi ya njiani, chai ya artemisia, maji ya majani kwa njia ya haja kubwa. Kila moja inabadilisha yale utakayokuta. Antibiotiki ya nusu nusu inaweza kuficha meninjiti, dalili zikawa ndogo na mtoto bado yuko hatarini.

Tena uulize juu ya kukohoa, kuhara, masikio yanayotoa usaha, rangi ya mkojo, mara ya mwisho alipokojoa na alipokula. Uangalie karatasi ya chanjo. Na uulize kama nyumbani kuna mwingine anayegonjwa, au kama kulikuwa na maziko. Sisi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri hatuna ruhusa ya kusahau swali hili la mwisho. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikaa mpaka tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 wakashikwa, 2.287 wakafa. Mwanzo wa ugonjwa ule unafanana na malaria: homa, kichwa, kutapika, uchovu. Na mtu mwenye Ebola anaweza kuwa na TDR pozitifu vilevile. Kwa hiyo glovu kwanza, na swali la maziko kila siku, hata wakati hakuna Ebola inayotangazwa.

KUGUSA

Mvue mtoto nguo. Wengi wanachunguza shati. Uanze kwa kuhesabu pumzi wakati bado amelala kimya kwenye mapaja ya mama, dakika nzima kwa saa yenye sekunde, si nusu dakika mara mbili. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Wa miezi miwili mpaka 11, pumzi 50. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, pumzi 40. Uangalie kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi. Ukimliza kwanza, hesabu imeharibika, ungoje.

Viganja na ndani ya kope: ni vyeupe? Damu inapungua. Macho ya manjano? Tumbo: tafuta bandama upande wa kushoto na ini upande wa kulia, kwa kiganja cha moto, ukianzia chini ukipanda juu. Wengi wanaanzia juu na hawakuti bandama kubwa, sababu mkono wao uko tayari juu yake. Masikio yote mawili. Koo mwishoni, maana baada ya koo mtoto hatakupenda tena. Ngozi yote, mpaka matakoni, kwa kutafuta madoa.

Na shingo. Mtoto amelala chali, kiganja chini ya kichwa, unainua kidevu kiende kifuani. Ikiwa ni ngumu, angalia pia magoti: yakikunjika yenyewe unapoinua kichwa, hiyo ni dalili ya Brudzinski. Halafu ukunje mguu kwenye nyonga na ujaribu kuunyoosha goti. Akilia na goti linakataa, hiyo ni ya Kernig. Lakini mkumbuke vizuri: kwa mtoto mchanga shingo inaweza kuwa laini na meninjiti iko. Kwake tunagusa utosi, tuone kama umevimba wakati amekaa na halii.

Kama mtoto haamki, tunapima koma. Kwa wadogo ambao hawajajua kusema tunatumia kipimo cha Blantyre, kilichotangazwa mwaka 1989 na waganga waliofanya kazi kule Malawi. Macho yakifuata uso wa mama ni 1, yasipofuata ni 0. Ukimbonyeza mahali panapouma, akipeleka mkono pale ni 2, akivuta mkono au mguu tu ni 1, asipofanya kitu ni 0. Akilia sawasawa ni 2, akiguna ni 1, kimya ni 0. Jumla ni 5. Ikiwa 2 au chini, ni koma kamili. Uandike hesabu pamoja na saa, si «koma» tu. Saa sita baadaye mwenzako atataka kujua kama anapanda au anashuka.

LABORATWARE

Sasa tu ndipo tunafika kwa TDR. Iko chombo kizuri, na mahali pasipo na mikroskopi imeokoa wengi. Lakini TDR nyingi za kwetu zinatafuta kitu kinachoitwa HRP2, ambacho vimelea vya falsiparumu vinaacha ndani ya damu, na kitu hiki kinaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Tena kwetu watoto wengi wanatembea na vimelea bila kugonjwa. Kwa hiyo TDR pozitifu inasema: malaria iko, au ilikuwako. Haisemi: hakuna kingine. Maneno haya mwalimu alituomba tuyaandike mara kumi, na tuliyaandika.

Tone nene la damu (GE) linaonyesha vimelea vyenyewe na wingi wake, na ndilo tunafuata kuona kama dawa inafanya kazi. Tunaomba pia sukari, himoglobini na kundi la damu. Na kwa mtoto aliyekakamaa, mwenye shingo ngumu au koma, tunafikiri juu ya kutoboa mgongo. Kama koma ni kubwa sana au pumzi zinasumbuka, au kuna dalili kwamba kichwa kimejaa msukumo, hatutoboi kwanza. Lakini antibiotiki hatungoji.

Neno moja juu ya Widal, na tunajua tutawaudhi wengine. Katika vituo vingi kila homa inaombewa Widal, na karibu kila Widal inarudi pozitifu, halafu mtu anaambiwa «uko na tifoide» mara tatu kwa mwaka. Widal inaweza kuwa pozitifu juu ya ugonjwa wa zamani au juu ya mikrobu nyingine. Ushuhuda wa kweli wa tifoide ni kuotesha damu, na hii ni hospitali chache zinaweza. Kwenye mtihani, usijenge nyumba juu ya Widal moja.

KUANDIKA DAWA

Mtoto wetu, tukiisha kumgusa, ana nini? Malaria kali inakubalika: anaishi mahali penye malaria, TDR pozitifu, alikakamaa zaidi ya mara moja katika saa 24. Meninjiti hatuwezi kuiondoa mpaka maji ya mgongo yaonekane safi. Tunaandika zote mbili, na mbele ya kila moja yale yanayoikubali na yanayoikataa. Pale ndipo pointi 14 zetu zilipobaki.

Artesunati: chini ya kilo 20 ni miligrama 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2,4. Kwake ni miligrama 36. Chupa ya miligrama 60 tunaiyeyusha kwa mililita 1 ya bikarbonati yake, halafu kwa mshipa tunaongeza mililita 5 za serumu. Sasa kila mililita ina miligrama 10, tunavuta 3,6. Kwa nyama tunaongeza mililita 2 tu, kila mililita ina miligrama 20, tunavuta 1,8. Itumike ndani ya saa moja. Iliyobaki inamwagwa, hata kama roho inauma. Inatolewa saa ya kwanza, saa ya 12, saa ya 24, halafu mara moja kwa siku. Baada ya sindano tatu angalau, akiweza kumeza, tunampa vidonge vya ACT siku tatu kamili. Wengi wanasahau vidonge hivi, na malaria inarudi.

Wanaosoma kaye za kaka zao wakubwa waangalie. Klorokini iliachwa katika Kongo yetu mwaka 2001, na tangu 2005 malaria nyepesi inatibiwa kwa dawa mbili pamoja, kama artesunati na amodiakini. Na kwinini ya mshipa si dawa ya kwanza tena ya malaria kali. Mwaka 2010 yalitangazwa majaribio makubwa kwa watoto 5.425 wa nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo: katika wale wa kwinini walikufa 10,9%, katika wale wa artesunati 8,5%. Hiyo ni karibu mtoto mmoja kati ya wane waliokuwa wanakufa. Kwinini pia inashusha sukari, na mmeona sukari inafanya nini.

Kwa meninjiti: seftriaksoni miligrama 100 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani 1.200. Chupa ya gramu moja haitoshi; anayeandika «chupa moja» kwa kuwa ni rahisi anampunguzia mtoto dawa. Isichanganywe na Ringeri.

SERUMU NA WATOTO WAWILI

Tunapenda serumu. Jamaa wakiona chupa inaning'inia, wanajua hospitali inafanya kazi. Lakini fikirini watoto wawili vitanda vya jirani.

Wa kwanza ana miezi kumi na kilo 9. Anahara tangu jana, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi pole pole sana. Huyu amekauka kabisa, naye anahitaji Ringeri kwa haraka: mililita 30 kwa kilo katika saa moja, yaani 270, halafu 70 kwa kilo katika saa tano, yaani 630. Mpira wa kawaida una matone 20 kwa mililita. 270 mara 20 ni 5.400, kugawanya kwa dakika 60 ni matone 90 kwa dakika. Baadaye 630 mara 20 ni 12.600, kugawanya kwa dakika 300 ni matone 42. Akianza kunywa, ORS papo hapo.

Wa pili ni mtoto wetu wa homa. Hakuhara. Miguu yake ni baridi kidogo, na mkono wako unataka kufungua serumu ikimbie. Usifanye. Mwaka 2011 majaribio ya Uganda, Kenya na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3.000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, yalionyesha kwamba wale waliopewa serumu nyingi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale waliopewa kidogo kidogo. Waganga wengi walishangaa. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mtihani usiandike «serumu» tu. Uandike serumu gani, kiasi gani, kwa saa ngapi, na juu ya nini.

Tena uandike utarudi kumwona lini: pumzi, koma na joto kila saa mwanzoni, sukari kila saa ine mpaka aamke, mkojo, himoglobini kesho yake. Na baada ya artesunati mtoto arudi kupimwa himoglobini karibu siku ya 14, sababu damu inaweza kupungua tena akiwa nyumbani na watu wote wamekwisha kumshukuru Mungu. Mtoto aliyetoka katika meninjiti tunampima masikio mbele ya kumruhusu. Kwa nyuma, asikuone, piga mikono.

ZOEZI

Mtoto mwanamume wa miezi 18, kilo 10. Anakohoa tangu siku mbili, ana homa, ananyonya kidogo sana. Pumzi ni 52, chini ya kifua kunaingia ndani. TDR pozitifu. Uko kwenye posti ya afya bila sindano za mshipa, hospitali iko kilomita 15, na mvua inanyesha. Utamuuliza mama nini? Utagusa wapi, kwa utaratibu gani? Utaandika magonjwa gani? Utampa nini mbele ya kumtuma, na karatasi ya kumtuma itasema nini?

Majibu yaletwe kwa katibu wa darasa la ine mbele ya Ijumaa jioni, kwa majina. Wanafunzi wa pedagojia wanaotaka kujaribu wanakaribishwa. Tutayasahihisha pamoja na mwalimu na kuyachapa katika namba ifuatayo, kama karatasi na wino vitatosha.